Shajara ya mradi: kuifumua na kuishona upya riwaya ya Mpwapwa, 1890

Riwaya yenyewe ni ya upelelezi na ya kutisha kwa pamoja. Kutisha ninakokusudia si kwa majini wala wachawi. Ni kule kwa kitu kikubwa mno na cha mbali mno, ninachokiita dude, kisichotupenda wala kutuchukia kwa sababu hakina habari kama tupo. Inatokea Mpwapwa, Juni 1890, pale Emin Pasha, tabibu Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Ikwatoria huko Sudan, akipanda bara kutoka Bagamoyo, alipokutana na Carl Peters, Mjerumani mwenzake msaka makoloni, aliyekuwa akishuka kutoka Uganda. Watu hao wawili ni wa kweli na kukutana kwao ni kwa kweli. Aliyeuawa, muuaji na mpelelezi ni wa kwangu.

Rasimu ya kwanza ilikamilika 2024. Humu naandika jinsi inavyofumuliwa, kwa faida ya yeyote anayetaka kuwaingiza watu wa historia katika hadithi ya aina hii.

18 Januari 2025: Nakala zimerudi

Kurasa 212, kuprinti shilingi 100 kwa ukurasa, springi na jalada la plastiki 2,500. Nakala moja ni 23,700. Nilitoa tano, jumla 118,500. Anayeiga hatua hii aombe kuprinti mbele na nyuma. Bei inashuka na mzigo unakuwa nusu.

Nakala ya kwanza niliifuata mwenyewe Mpwapwa, kwa mwalimu mstaafu wa historia. Ilikuwa imejaa kalamu nyekundu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Kaa hapo. Hebu niambie, hii mvua ya Juni uliiona wapi?"

Sura ya tatu nzima ilikuwa na radi na mafuriko. Ugogo mvua zake ni za Desemba hadi Aprili. Juni ni upepo wa baridi, vumbi na anga isiyo na wingu. Nilitaka usiku wa kutisha nikaenda kuazima mvua, kama wanavyofanya kwenye filamu. Mwalimu alisema anga tupu ya Juni inatisha zaidi, kwa sababu hakuna kinachokuficha. Nimeliandika hilo kwenye karatasi na kulibandika ukutani.

Malalamiko ya wengine yalikuwa mazito kuliko mvua. Mmoja alihesabu watu maarufu wanaopita na kuaga: Stanley, Chuma na Susi na mwili wa Livingstone, Emin, Peters, Wissmann, hadi Mary Leakey. Alisema ni kama kukaa kituo cha basi ukitazama abiria. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) aliandika pembeni mwa ukurasa wa mwisho: "Kumbe muuaji ni lile dude? Sasa dalili zote zile nilikuwa nazikusanya za nini?" Na hakuna hata mmoja aliyesema aliogopa.

2 Februari: Kupunguza abiria

Kazi nyepesi kwanza. Stanley ameondoka. Alipita kweli Mpwapwa Novemba 1889 pamoja na Emin wakielekea pwani, lakini katika hadithi yangu hakuwa na kazi zaidi ya kuvaa kofia. Mwili wa Livingstone ni wa 1873 na 1874, na kuuleta katika 1890 kulihitaji ndoto ya kurasa tisa. Umetoka. Mary Leakey, mtafiti aliyenakili michoro ya kale ya miambani ya Kondoa mwaka 1951, naye ametoka, na hiyo michoro itakuja baadaye maana ina kesi yake.

Wamebaki Emin na Peters. Emin ndiye aliyekuwa mpelelezi, na hapo palikuwa na tatizo ambalo kila aliyesoma habari zake angelinusa. Sura ya tano inamweka juu ya mwamba akitazama alama angani. Huyu mtu alikuwa haoni mbali. Usiku wa tarehe 4 Desemba 1889, kwenye karamu ya kumpokea Bagamoyo, alianguka kutoka ghorofani akapasuka fuvu, na uoni wake mbovu ulikuwa sehemu ya ajali hiyo. Aprili 1890 alikuwa tayari ameanza safari nyingine ya bara. Halafu mimi namfanya asome nyota!

Marekebisho yakaja kwa kugeuza udhaifu kuwa kazi. Emin alikuwa mkusanyaji wa ndege na wadudu. Vitu vya mbali vilimpita, lakini unyoya ukiwa sentimita tano kutoka kwenye miwani aliusoma vizuri kuliko yeyote kambini. Kwa hiyo sasa si mpelelezi. Ni shahidi wa vitu vidogo, na mpelelezi ni mwanamke wa Kigogo anayeuza chumvi kwa misafara. Hana jina kwenye kitabu. Kila mtu anamwita Muuza Chumvi. Anajua nani anadaiwa nini kuanzia Mpwapwa hadi Bahi, na huo ni upelelezi tosha.

1 Machi: Nani alichoma vijiji

Hili ndilo lililoiangusha rasimu ya kwanza, na hakuna msomaji aliyelisema waziwazi, ingawa naamini walilihisi.

Sura ya sita: msafara unapita kwenye vijiji vilivyoteketea. Paa za tembe zimeporomoka ndani, mazizi matupu, majivu bado yana joto. Baadaye inagundulika kwamba moto ulishuka kutoka juu, ni pumzi ya lile dude likijigeuza usingizini. Niliipenda sana sura hiyo.

Nikarudi kwenye kitabu cha safari cha Peters mwenyewe, kilichotoka 1891, kinachosomeka bure mtandaoni kwa Kijerumani na kwa tafsiri ya Kiingereza. Peters anasimulia alivyopigana na Wagogo wa mtemi Makenge, akachoma vijiji na kuchukua ng'ombe. Hasimulii kama anayeungama. Anasimulia kwa majivuno. Chanzo kilikuwa hongo, kodi ambayo watemi wa Ugogo walitoza kila msafara kwa sababu maji yalikuwa yao na nchi ni kavu. Waarabu walilipa, Wanyamwezi walilipa, Burton, msafiri Mwingereza, alilipa huku akinung'unika. Peters hakutaka.

Kwa hiyo dude langu lilikuwa limembebea Peters mzigo ambao yeye mwenyewe aliutia sahihi. Mtu huyu watu walimwita Mkono wa Damu, na hata serikali yake ilimfukuza kazi 1897 kwa watu aliowanyonga Kilimanjaro. Mimi, zaidi ya miaka mia baadaye, nikaja na maji na sabuni kumwosha.

Sasa najua kwa nini hakuna aliyeogopa. Msomaji wa huku anajua nani huchoma vijiji. Ukimwambia ni kitu kutoka kwenye nyota, akili yake inakataa kabla hata hajafungua ukurasa unaofuata, na baada ya hapo hakuamini tena kwa lolote.

Kanuni niliyojiwekea: uovu uliofanywa na mtu unabaki kwa mtu, na jina lake, na tarehe. Mtu wa kweli hapewi tendo zito ambalo hakulitenda, liwe baya au jema; ninachobuni ni mazungumzo na vitendo vyake vidogo tu, tena vya kawaida. Dude haliruhusiwi kugusa kitu chochote ambacho historia ina maelezo yake.

Kanuni hiyo ilikata sura nne kwa mpigo mmoja. Umekwenda pia mwisho wa kitabu, uliokuwa unaruka hadi njaa ya Mtunya ya 1917 hadi 1920, ambako nilikuwa nimelifanya dude lile watu. Wajerumani na Waingereza walipigana nchi hii wakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo, kisha mvua ikakosekana. Ndiyo sababu ya Mtunya, na inatosha. Nilipompigia mwalimu kumwambia nimeiondoa, alinyamaza kidogo, akasema bibi yake alimzika mdogo wake njiani wakati huo, na kwamba alipofika sura ile alifunga kitabu akaenda kumwagilia mchicha.

23 Machi: Kolo, kwenye michoro ya Kondoa

Nauli kwenda na kurudi, bodaboda, kiingilio na mwongozaji: 58,000. Lami hadi Kolo haina neno. Kutoka hapo kwenda kwenye miamba ni vumbi au tope kutegemea msimu, na mimi nilichagua Machi, nikavuna tope.

Rasimu ya kwanza ilisema michoro myekundu ya Kondoa ni picha za wageni kutoka angani. Warefu, wembamba, vichwa vikubwa vya duara: inaonekana kirahisi. Mwongozaji aliisikia hiyo nadharia kabla sijamaliza sentensi, akacheka, akasema kila mgeni wa pili huja nayo. Kisha akanionyesha mnyama pofu aliyechorwa pembeni ya mtu, shingo nene, mkunjo wa ngozi chini ya koo umewekwa kwa mstari mmoja. Aliyechora hivyo alimjua mnyama yule kwa miaka mingi. Mkono ule haukuamriwa na mtu wa kutoka nje ya dunia.

Michoro myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, na Wasandawe ambao bado wanaishi jirani wana ngoma yao ya simbo, ya kuingia katika hali nyingine, ambayo watafiti wameifananisha na baadhi ya picha hizo. Juu yake kuna michoro myeupe ya baadaye, ya wakulima. Kwenye mwamba uitwao Mungomi wa Kolo hadi leo watu hufanya tambiko. UNESCO iliiorodhesha Kondoa 2006, lakini tambiko halikusubiri UNESCO.

Matokeo kwa kitabu: michoro imetoka yote. Kumnyang'anya mchoraji kazi yake ukampa kiumbe wa nyota ni kosa lile lile la Peters limegeuzwa upande. Kule nilimpunguzia mtu uovu, huku nampunguzia mtu ustadi. Safari haikuzaa hata aya moja ya riwaya, na nisingeshauri mtu aiache.

27 Aprili: Fumbo lijibiwe, hofu isijibiwe

Hadithi ya upelelezi ni ahadi. Unamwambia msomaji: vumilia, dalili hizi zinakwenda mahali. Hadithi ya kutisha ya aina hii ni ahadi ya kinyume: hata ukijua kila kitu, hutajua. Nilikuwa nimezichanganya kwa kulifanya dude kuwa muuaji, na ahadi zote mbili zikavunjika. Fumbo lilipata jibu la uongo, na hofu ilipata jibu, jambo ambalo ndiyo kufa kwake.

Nilijaribu kwanza kuzitenganisha kabisa, sura moja ya mauaji, sura moja ya dude. Haikwenda. Vilikuwa vitabu viwili kwenye springi moja. Jaribio la pili lilikuwa kuwa na majibu mawili sawa, la kibinadamu na la ajabu, msomaji achague. Hiyo ni hila ya mwandishi mvivu, na mwanafunzi wangu wa UDOM alinijibu kwa neno moja tu: "Usitukwepe."

Kilichofanya kazi ni hiki. Uledi, mpagazi katika msafara wa Peters, anakutwa amekufa Mpwapwa usiku ambao wakubwa wanakula pamoja. Aliyemuua ni mnyapara wake, kwa sababu Uledi alikuwa amepanga kumweleza Emin kilichotendeka Ugogo. Mnyapara anasema hakuwepo, usiku ule alikuwa Chunyo, kambi ya misafara iliyo jirani. Muuza Chumvi anaomba maji, anapewa kibuyu cha mnyapara, anakunywa, anarudisha. Maji matamu. Maji ya Chunyo yana uchungu; misafara yote iliyajua, na yule aliyeteka maji Chunyo jana hawezi kuwa na kibuyu kitamu leo. Kesi imekwisha, bila nyota hata moja. Msomaji anayekaa huku anaweza kumtangulia mpelelezi kwa ukurasa mzima, na nataka amtangulie.

Dude linaingia kwa mlango mdogo tu. Uledi alikuwa na kamba ya ukili yenye mafundo, fundo moja kwa kila kijiji kilichochomwa. Muuza Chumvi anaijua nchi: vijiji ni kumi na kimoja. Mafundo ni kumi na mawili. Emin anaisogeza kamba kwenye miwani, anaigeuza, anasema mafundo yote yamefungwa na mkono mmoja, na la mwisho ndilo kongwe kuliko yote. Ukili wake umelainika kwa kushikwashikwa. Muuza Chumvi anaanza kutaja vijiji kwa vidole. Anafika kumi na viwili bila kukwama. Jina la kumi na mbili limemtoka kinywani kama mengine, na anakumbuka kuna mtu wa huko anayedaiwa naye vibaba viwili vya chumvi, mwanamume mwenye jino lililovunjika, mkarimu. Hakuna kijiji hapo. Hapajawahi kuwa na kijiji. Baadaye anakwenda na kukuta uwanda mtupu, na bado anamdai.

Hapo ndipo kitabu kinapoishia kuhusu dude. Sifafanui. Muuaji anaadhibiwa kwa sababu nyingine kabisa, deni halilipwi.

Kuna nusu ukurasa mwingine uliokuja kwa ushauri wa mwalimu. Emin na Peters wanazungumza mezani kuhusu Uganda, Peters akijivunia mkataba wake na Kabaka Mwanga. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia sahihi makubaliano yaliyoiacha Uganda upande wa Uingereza, na mkataba wa Peters ukawa karatasi. Watu walioamua hawakuwahi kuiona Mpwapwa. Mwalimu alisema kama nataka kitu kikubwa, cha mbali, kisichojua kama upo, nisihangaike na anga. Nimeuweka ukurasa huo lakini sikuukuza; ukikuzwa unageuka hotuba.

21 Juni: Anga

Hatua hii ni rahisi kuiga. Programu ya Stellarium ni ya bure. Unaweka Mpwapwa, unarudisha mwaka hadi 1890, unatazama.

Mbalamwezi niliyoitandaza kwenye karamu imekufa papo hapo. Tarehe 17 Juni 1890 kulikuwa na kupatwa kwa jua huko kaskazini ya mbali, na jua hupatwa siku za mwezi mwandamo tu. Kwa hiyo siku zile usiku ulikuwa na kijipande cha mwezi cha jioni, kisha giza. Nimefurahi, kwani Uledi alihitaji giza.

Nyotamkia ya Halley nayo imefutwa. Nilimfanya Emin aione. Ilikuja 1835, ikarudi 1910, mwaka ule ule reli ya kati ilipofika Dodoma. Emin alizaliwa 1840 akauawa Kongo 1892, maisha yake yote yakaingia katikati ya ziara mbili bila kuigusa hata moja. Mazungumzo yakihitaji nyotamkia, ipo ile kubwa ya Septemba 1882, iliyoonekana hata mchana karibu na jua, naye wakati huo alikuwa gavana Ikwatoria.

Lililonisumbua zaidi ni Kilimia, lile kundi la nyota la wakulima. Nilikuwa nimekiweka juu ya kambi jioni. Juni jioni hakipo. Kinapotea magharibi mwezi Mei na kurudi mashariki kabla ya mapambazuko. Wazee walishasema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Leo alfajiri nilitoka nje hapa Nzuguni, Dodoma, na koti la baridi kuhakiki kwa macho. Kipo pale pale programu inaposema, chini mashariki, kama saa mbili kabla ya jua.

Ndiyo imenipa sura mpya ya nane. Kirangozi wa msafara anaamka kila alfajiri kutazama Kilimia, maana ndicho kinachompa hesabu ya siku za kilimo nyumbani kwao. Asubuhi baada ya kushika kamba ya Uledi anatoka, anatazama, anarudi kulala. Hamwambii mtu alichoona. Msomaji pia haambiwi. Nilikuwa nimeandika alichoona, aya nzuri ya mistari kumi na moja, nikaifuta baada ya kusoma upya ukurasa wa kibuyu.

10 Agosti: Hesabu na hali ya sasa

Rasimu ya pili ina kurasa 148. Mbele na nyuma nimepata shilingi 70 kwa ukurasa, springi ile ile, kwa hiyo nakala ni 12,860. Nne ni 51,440. Ukijumlisha nakala za kwanza 118,500, Kolo 58,000, Mpwapwa 24,000 na bando karibu 20,000, mradi umekula 271,940 kabla ya mhariri. Nakala za kwanza ndizo zilizokuwa ghali bila sababu. Ningeanza kwa kuprinti sura tatu tu na kumpa mtu mmoja wa Mpwapwa, mvua ingekamatwa kwa chini ya elfu tano.

Wasomaji wawili wamemaliza. Mwanafunzi wa UDOM alimkamata mnyapara kwenye kibuyu, akanipigia usiku kunijulisha kwa ushindi, halafu akauliza jina la kile kijiji cha kumi na mbili. Nikamwambia halimo kitabuni. Akasema limo, amelisoma. Amerudia kulitafuta, hajaliona, na amekasirika. Hiyo naihesabu.

Mwalimu bado hajaridhika. Anaona Peters anapata kurasa nyingi mno kwa mtu asiyestahili, na sura ya Emin akichuna ndege ni ndefu. La Peters nitalipunguza. La ndege nakataa, kwa sababu msomaji asipomzoea Emin akitazama unyoya kwa karibu, hatamwamini anapotazama fundo. Tumebishana hadi chai ikapoa.

Kinachofuata ni mhariri wa lugha, na kuhakiki maneno machache ya Kigogo kwenye sura ya pili. Mwalimu ameshasema "mbukwenyi" niliiandika ikisalimia mtu mmoja, wakati ni salamu ya watu wengi. Faili la tarehe za mwezi na Kilimia kwa Juni yote ya 1890 ninalo tayari, na atakayeandika chochote cha Ugogo mwaka huo nitampa.